Anayevuka Uwanja

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Mzigo atakaokuletea rafiki yangu usiufungue kwa kisu cha jikoni, maana nakujua. Ndani mna kamera ya video, kanda na stendi ya miguu mitatu. Usicheke. Nina kazi nataka kukutwisha.

Kampuni imenipa filamu yangu mwenyewe hatimaye, baada ya miaka yote hii ya kuwabebea wenzangu nyaya na taa. Inahusu majumba ya umma, yale makubwa ya zege yaliyojengwa tulipokuwa watoto, yenye viwanja vipana mbele yake. Nataka kuonyesha watu wanaishi nayo vipi sasa. Ya huku nimeshayapiga. Lakini jumba linaloninyima raha ni Jumba la Halmashauri la huko nyumbani, na nauli ya kuja kulipiga hawanipi.

Wewe ofisi yenu ya bima iko ghorofa ya nne, inalitazama uso kwa uso. Weka kamera dirishani, ielekeze uwanjani, bonyeza kitufe chekundu, nenda kale chakula chako cha mchana. Ukirudi, izime. Ndiyo hivyo tu. Usimpange mtu, usimwambie mtu asogee. Unaikumbuka ile picha ya siku ya ufunguzi iliyotundikwa kila ofisi? Haina hata binadamu mmoja. Waliwasogeza wote ili jengo lipendeze. Mimi nataka kinyume chake. Jengo hulielewi likiwa limesimama peke yake; unalielewa ukiona watu wanalipitaje.

Mama hajambo? Mbona siku hizi haongezi hata mstari mmoja chini ya barua zako? Mwambie nimenenepa, atafurahi.

Mdogo wako,
Kitindamimba


21 Februari

Kitindamimba,

Kanda zako hizo hapo, zote nimezijaza. Nimekutumia kwa mkono wa huyo huyo rafiki yako, ambaye anakula kama hana nyumba.

Ungejua vituko nilivyopata! Meneja alidhani nawapeleleza watu wa Halmashauri, ikabidi nimweleze mpaka mate yakanikauka. Dirisha liko nyuma ya meza yake, kwa hiyo kila siku nilikuwa nampitishia stendi juu ya kichwa. Msichana wa mapokezi alianza kuja kazini amejipaka rangi ya mdomo, na kamera yenyewe imempa mgongo. Nilifanya ulivyosema: nabonyeza, naenda kula kule kantini ya nyuma na wenzangu, narudi, nazima. Nilichokipiga sikijui, deki ya kutazamia sina. Kama ni njiwa watupu, shauri yako.

Mama hajambo. Anakula vizuri, analala vizuri. Macho tu ndiyo yanamsumbua, kwa hiyo kuandika hawezi. Nikiwa kazini yule jirani yetu wa chini, fundi cherehani, anapanda na cherehani yake kukaa naye, asije akawa mpweke. Nilipomwambia umenenepa alicheka.

Wewe vaa vizuri tu, nasikia huko baridi haina adabu.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Nikae wapi niseme asante! Umenitengenezea filamu. Nimefunga mlango wa chumba cha kuhariri tangu juzi, wenzangu wananiletea chai mlangoni kama mfungwa.

Sikiliza. Mwanzoni niliona kama ulivyosema, njiwa. Uwanja mweupe, vigae vyake vimepasuka, hakuna mti, hakuna benchi, na jumba limesimama juu ya nguzo zake kama limeinua nguo kuvuka maji. Watu wanapita kandokando, kwenye ukanda wa kivuli. Hakuna anayekubali kupita katikati. Nikasema sawa, hiyo yenyewe ni habari: wamejenga uwanja wa watu wote na watu wote wanaukwepa.

Halafu akatokea yeye.

Mwanamke mzee, mwembamba, sweta ya kijani imemzidi, mtandio umemficha uso. Anaingia kutoka upande wa kushoto na anapita katikati juani, peke yake. Anakwenda moja kwa moja kama amechorewa mstari. Katikati ya utupu anakata kushoto kuelekea jumba, ghafla, kama mtu aliyefika kwenye kona, na kona yenyewe haipo. Anakwenda tena. Anafika kwenye nguzo ya pembeni ya jumba, ananyoosha mkono mbele, anainama, anaingia chini ya jengo kwenye giza na kamera haimwoni tena. Baada ya muda anatoka, anarudi njia ile ile. Dada, yumo katika kila kanda! Kila mchana! Hata ningemlipa mwigizaji nisingepata mwendo ule. Bila yeye jengo lile ni zege tu. Yeye ndiye anayekuonyesha ukubwa wake na ukatili wake.

Nimeshaandika maneno ya kusoma juu ya kipande hicho, kwa sauti yangu mwenyewe: "Mtu wa leo amepotea ndani ya ukubwa wa mji wake." Unaonaje?

Umtafute yule mama. Msubiri chini mchana mmoja umuulize ni nani, anakwenda wapi. Ningependa kulijua jina lake.

Msalimie Mama. Mwambie filamu yangu ina nyota.

Kitindamimba


30 Machi

Kitindamimba,

Barua yako nimeipata.

Kile kipande cha mwanamke wa sweta ya kijani kiondoe. Usikitumie. Usimwonyeshe mtu. Kanda nyingine fanya nazo upendavyo.

Usiniulize kwa nini. Nakuomba kama dada yako mkubwa, na sina kawaida ya kukuomba.

Mama hajambo.

Dada


15 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaisoma tena. Hukuweka hata salamu. Nimekukosea nini?

Kama ni yule mama amekasirika, niambie alisema nini, nitamwandikia. Kama ni meneja wako, niambie. Lakini "kiondoe" tu, kama unamwambia mtoto ateme peremende? Mimi si mtoto, na kazi hii si mchezo.

Tena umechelewa. Wakuu wa kampuni wameshakitazama. Kilipokwisha, chumba kizima kilinyamaza. Mkuu wetu, ambaye huwa anasinzia kwenye filamu za watu, alisema: filamu ifunguliwe na hiki. Itaonyeshwa hadharani mwezi wa saba. Dada, katika miaka yangu yote huku hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kwa ajili ya kitu nilichokifanya mimi.

Na uwanja ni wa umma. Anayepita pale anaonekana, ndiyo maana yake. Sikumchungulia mtu chumbani kwake. Uso wake hauonekani, jina lake silijui. Nimemdhuru nini?

Muulize Mama. Nina hakika yeye ataniunga mkono.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Ni Mama.

Nimekaa na karatasi hii mbele yangu nikitafuta namna ya kuanza, nikaona hakuna nyingine. Huyo nyota wako ni mama yako mzazi. Sweta ni yangu, nilimpa kwa sababu zake zote zimekuwa kama magunia mwilini mwake. Umemtazama kutwa nzima, siku baada ya siku, ukamrudisha nyuma ukampeleka mbele, hukumjua. Sikulaumu. Uliacha mwanamke mnene anayetembea kama anawahi sokoni. Lakini iliniuma, siwezi kusema uongo.

Ilianza mwaka juzi. Aliteleka sufuria tupu mpaka ikaungua. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake. Akamwekea Baba chakula, akakasirika kuwa amechelewa, wakati Baba tumemzika sisi wenyewe. Siku moja akili yake ilitulia kabisa, akanishika mkono akasema, "Mdogo wako asijue. Akijua ataacha kazi arudi, halafu kila akinitazama ataona alichokiacha." Akaniapisha. Ndipo nikaanza kukuandikia habari za macho.

Sasa sikiliza kingine, maana hiki hata mimi sikukijua. Nilipokuwa naandika "fundi cherehani anakaa naye" niliamini hivyo. Niliposoma barua yako ya sweta ya kijani, niliondoka ofisini pale pale nikakimbilia nyumbani. Nikashuka kwa jirani. Akalia. Alisema kila mchana Mama anamwambia, "Nafika nyumbani mara moja kuchukua kitu." Yeye anamwacha aende kwa sababu anarudi mwenyewe, kwa wakati ule ule, ametulia. Aliogopa kuniambia nisije nikamwona mzembe.

Kwa hiyo mimi nilikuwa kantini ya nyuma nachekeshana na wenzangu, na mama yetu anavuka uwanja chini ya dirisha langu. Kamera ilimwona. Mimi sikumwona.

Nimenunua kufuli. Asubuhi namfungia, mchana nakuja kumlisha, namfungia tena. Anagonga mlango, namsikia mpaka nifike barabarani. Usinifundishe. Pale kuna magari, kuna walinzi wanaofukuza watu. Mmoja amekiri kwangu kwamba alishawahi kumvuta mkono kumtoa chini ya jumba.

Sasa umejua. Amua mwenyewe kuhusu filamu yako.

Dada


10 Mei

Dada yangu,

Nisamehe kwa maneno ya barua ile. Sitaki kuyarudia hapa.

Nimelia, halafu nikarudi chumba cha kuhariri kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilitaka kumwona tu. Nilibandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha runinga nikachukua kalamu ya wino mzito, nikamfuata hatua kwa hatua, kanda moja baada ya nyingine. Mistari yote ikaangukia mahali pamoja. Nikaibandua karatasi nikaiweka mezani. Dada, niliijua.

Ni mtaa wetu. Mtaa uliobomolewa kabla ya jumba kujengwa. Wewe ulikuwa bwenini wakati ule, lakini mimi nilikuwa naupita kila siku nikitumwa chumvi, naukumbuka kwa miguu. Pale anapoingia uwanjani ni kwa kinyozi. Ule mstari ulionyooka ni uchochoro wetu. Pale anapokata kushoto palikuwa na ukuta wa duka la mkaa, ilikuwa lazima ukate. Anaponyoosha mkono kwenye nguzo, anasukuma lango letu. Na anainama, Dada. Nilidhani mgongo unamuuma. Anainama kwa sababu mlango wa jiko letu ulikuwa mfupi, Baba aliugonga kwa kichwa kila siku akiapa kuurekebisha.

Mimi nikasema juu yake, kwa sauti yangu nzito ya kujifanya, kwamba amepotea. Pale uwanjani yeye ndiye pekee anayejua anakokwenda. Mchora ramani alifuta kila kitu, mpiga picha wa ufunguzi akathibitisha kuwa hapakuwa na mtu, na mimi nikaja na kamera yangu nikasema vile vile kwa maneno matamu.

Nakuomba, fungua huo mlango. Usimwache aende peke yake, lakini usimfungie. Nenda naye mchana. Waambie walinzi ni mama yetu. Akisema anakwenda nyumbani, mshike mkono mwende. Anarudi ametulia kwa sababu amefika.

Nimeweka nakala ya kanda humu pamoja na ile karatasi. Iweke juu ya runinga yoyote utaona.

Kitindamimba


11 Mei

Mdogo wangu,

Nilikupigia simu kutoka posta, iliita tu.

Mama ameanguka. Alipitia dirisha la jikoni. Ni ghorofa ya kwanza, si juu sana, lakini chini ni saruji. Fundi cherehani alisikia kishindo. Mama alikuwa amevaa mtandio wake na amebeba kikapu, tayari kwa safari.

Nyonga imevunjika. Yuko hospitali ya serikali, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Ananiuliza kwa nini barabara imefungwa.

Mlango niliufunga mimi, kwa mkono wangu huu.

Dada


25 Mei

Dada,

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Ya kwako nimeipata jana, na sasa nawaza kwamba nilipokuwa nakuandikia ufungue mlango, alikuwa keshapanda dirisha au yuko mbioni kulipanda. Usijibebeshe peke yako. Ulikuwa unamlinda, na mimi sikuwepo hata kukushikia ufunguo.

Nakuja. Ruhusa wamenipa kwa shida, nafika mwisho wa mwezi ujao. Kipande cha Mama nimekiondoa kwenye filamu. Mkuu wetu alipandisha sauti mpaka watu wakatoka vyumbani. Nikamwambia anitoe na mimi akitaka. Amesema nifikirie nikiwa safarini. Hakuna cha kufikiria.

Anatembea? Niambie ukweli, hata ukiwa mbaya. Tumeshaona faida ya kufichana.

Mdogo wako


6 Juni

Kitindamimba,

Hatembei. Daktari amesema mfupa unaweza kuunga lakini yeye mwenyewe hatasimama tena bila watu wawili. Amepungua sana. Uliniomba ukweli, ndio huo.

Kipande ulichokiondoa kirudishe. Nimebadili mawazo, na nitakueleza.

Kanda yako ilifika juma lililopita. Sikutaka kuitazama. Lakini Mama alikuwa amekataa chakula, amegeukia ukuta, kila saa anauliza barabara itafunguliwa lini. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mpole, akasema wana runinga na deki chumbani kwao, kama nina kanda ya harusi au ya watoto, watamletea runinga wodini imchangamshe. Nikasema ninayo moja, lakini si ya harusi.

Wakaileta kwenye kitoroli. Tukampandishia Mama mito. Karatasi yako sikuiweka, nilitaka aone mwenyewe. Picha ikaja: uwanja, jua, njiwa. Halafu yule mwanamke akaingia kutoka kushoto.

Mama hakujijua kuwa ni yeye. Akamtazama kama unavyomtazama jirani anayepita. Akasema, "Huyu anaelekea kwetu."

Nikamuuliza, "Unamjua, Mama?"

"Simjui. Lakini anajua njia. Tazama, keshapita kwa kinyozi."

Akaanza kuitaja. Hapa kwa mama mapacha, hapa wanaanika nguo. Hapa kwa yule mpiga filimbi mlevi. Alikuwa anataja kabla yule wa kwenye runinga hajafika, na akifika, kweli anapita hapo hapo. Wagonjwa wa vitanda vya karibu wakaacha mazungumzo. Mmoja akamwambia mwenzake, "Pale pana nyumba?" Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, tumsikilize."

Halafu Mama akainuka kwenye mito, akanyoosha kidole. "Mwambieni aangalie, hapo kuna mtaro!" Nikatazama. Mdogo wangu, wewe umemfuata kwa kalamu na hili hukuliona: kabla tu ya nguzo yule mwanamke anarefusha hatua, anavuka kitu, anatua ng'ambo. Mama akashusha pumzi. "Haya. Amevuka."

Siku ya pili tuliirudia, na nikaazima redio ya kurekodi kwa fundi cherehani. Sauti ya Mama iko kwenye kaseti ndogo iliyomo humu. Kwa hiyo futa yale maneno yako ya mtu wa leo. Weka picha, na juu yake umwache yeye aseme. Wakuu wako wakinyamaza tena, wanyamazie hilo. Watu wakauone uwanja ule una nini. Mimi nimeupita maisha yangu yote ya kazi na sikuuona.

Mlinzi aliyemvuta mkono alikuja hospitalini kumwangalia, nani alimwambia sijui. Alisimama mlangoni amevua kofia. Mama akamwambia asisimame juani.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimo kwenye kaseti, maana nilikuwa nimekwisha kuizima, nalo linanikosesha raha, ndiyo maana nakuandikia na sisubiri uje. Yule mwanamke aliponyoosha mkono, akainama, akaingia chini ya jumba, runinga ilibaki na zege na kile kivuli cheusi. Mama akaendelea kutazama. Wote tukatazama naye.

Akaniuliza, "Amefika?"

Nikasema, "Amefika, Mama."

Akatazama tena pale penye giza. Akasema, "Basi mbona hajawasha taa?"

Nilimshika mkono tu. Bado anauliza, kila ninapoingia. Fanya uje.

Dada yako